Watoto wa ua mmoja wafanyiwe sherehe moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wazazi wenzangu, hasa sisi tunaoishi katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam, ambako familia tano au sita hutumia ua mmoja, bomba moja na lango moja. Nataka kuzungumzia sherehe za kuzaliwa za watoto wadogo, wale ambao hawajavuka miaka saba. Naona wakati umefika kwa watoto wa ua mmoja au mtaa mmoja, waliozaliwa katika mwezi mmoja au miezi inayofuatana, kufanyiwa sherehe moja ya pamoja, na sherehe hiyo ipangwe kwa kipimo cha mtoto, si kwa kipimo cha mtu mzima.

Kila aliyealikwa kwenye sherehe ya mtoto katika miaka ya karibuni anajua mwenendo wake. Kadi inasema saa nane mchana. Saa nane hiyo turubai ndiyo kwanza linafungwa, viti vya kukodi vinashushwa kwenye guta, na fundi wa muziki anajaribu spika kwa sauti inayotikisa mabati ya jirani. Watoto wameshaogeshwa na kuvishwa nguo mpya tangu saa saba, na wanaambiwa wasikae chini wasije wakajichafua, wasiguse maputo, wasisogelee meza ya keki. Wageni wakubwa huanza kuingia saa kumi na moja, mshereheshaji hushika kipaza sauti magharibi, na keki hukatwa saa mbili au saa tatu usiku, wakati mwenye sherehe ameshalala kifuani kwa shangazi yake. Anaamshwa, anapanguswa uso, anasimamishwa mbele ya kamera huku analia, na hapo ndipo inapoanza zamu ndefu ya kulishana keki: wazazi, babu na bibi, wajomba, mashangazi, wafanyakazi wenzake baba, wanakikundi wenzake mama, kila kundi likiitwa kwa wimbo wake. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kubeba shughuli hiyo. Wakubwa hula pilau na kucheza muziki hadi usiku, na ukiwauliza watoto kesho yake walifurahia nini, wengi watakutajia puto waliloliokota wakati ua unafagiwa.

Siwalaumu wanaofanya hivyo kwa mapenzi. Mzazi aliyeuguza mtoto, au aliyempata baada ya kungoja muda mrefu, ana kila sababu ya kumshukuru Mungu mbele ya watu. Linalonisumbua ni mzigo unaomwangukia jirani. Katika nyumba yenye wapangaji wengi hakuna sherehe ya siri. Mtoto wa chumba cha pili huona keki ikiingia, huona baiskeli ikitolewa kwenye boksi, na jioni ileile humuuliza mama yake, “Na mimi yangu lini?” Mama huyo huenda anauza maandazi na chai barazani, na jibu lake la kweli ni kwamba hawezi. Nimeshuhudia mzazi akichukua mkopo wa kikundi, fedha iliyokusudiwa kununulia unga na mafuta ya biashara, akakodi viti na kununua keki ya kilo tatu ili tu mwanawe naye aonekane. Marejesho ya mkopo yaliendelea kudaiwa muda mrefu baada ya keki kusahauliwa. Haya ni mashindano ambayo hakuna aliyeyatangaza, lakini kila mzazi katika ua anahisi ameandikishwa.

Wapo watakaosema kuwachanganya watoto katika sherehe moja ni kuiga mambo ya watu wengine. Naomba tuangalie tulikotoka. Jandoni wavulana waliingia pamoja, wakakaa kumbini pamoja, wakatoka pamoja, na ngoma iliyowapokea ilikuwa ya wote. Hadi leo parokia huwapa watoto Komunio ya Kwanza kwa makundi, na madrasa huwakusanya wanafunzi waliohitimu wakasomewa dua siku moja, wazazi wakachangia wali na nyama. Kumheshimu mtoto ndani ya kundi la wenzake ni desturi yetu ya tangu na tangu. Kilicho kigeni zaidi ni keki ya mtoto mmoja yenye mishumaa juu yake, na sina ugomvi nayo, maadamu tumekubali kuipokea kwa njia inayotufaa.

Katika ua tunaoishi huku Tabata, wazazi wa watoto wanne waliozaliwa kati ya mwishoni mwa Julai na katikati ya Septemba tulikubaliana kufanya sherehe moja, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Nitaeleza tulivyopanga, kwa sababu sherehe ya pamoja isipopangwa vizuri huweza kuumiza watoto kuliko ile ya mmoja mmoja.

Jambo la kwanza lililohitaji mazungumzo marefu lilikuwa fedha. Tumezoea kamati za harusi, ambako orodha hurushwa kwenye kundi la WhatsApp kila jioni, jina kwa jina, ikionyesha nani ameahidi, nani ametoa taslimu na nani ana baki. Utaratibu huo ukiletwa kwenye sherehe ya watoto unaua kusudi lote, maana mama mwenye baki ataona aibu kumpeleka mwanawe uani, ilhali sherehe inafanyika mlangoni kwake. Sisi tulikubaliana kiwango kidogo ambacho hata aliye na hali ngumu kuliko wote angeweza kukitoa, kisha bibi mwenye nyumba, ambaye wote tunamheshimu na ambaye hakuwa na mjukuu katika sherehe hiyo, akapokea fedha hizo mkononi bila kumtajia mtu mwingine nani ametoa lini. Aliyetaka kuongeza aliongeza kwa bibi kimyakimya. Mambo mengine yalikwenda kwa nguvu za mikono: huyu alitoa majiko na mkaa, yule sufuria kubwa na mabeseni, mwingine alikesha akikunja sambusa, na baba mmoja, dereva wa bodaboda, alikwenda sokoni Ilala alfajiri kufuata matunda. Hakuna aliyeweza kusema sherehe ni ya fulani.

Jambo la pili lilikuwa keki, na hapa naomba wazazi wanisikilize kwa makini. Wazo la haraka huwa ni kununua keki moja kubwa na kuandika majina yote juu yake. Ni rahisi zaidi kwa mfuko, lakini kwa mtoto wa miaka minne keki yenye majina manne si yake. Watagombania kisu, watagombania mshumaa, na mpole kati yao atasukumwa nyuma. Sisi tulikubali keki nne ndogo zisizo na mapambo mengi. Mama mmoja wa ua wetu alizioka kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, akizigeuza kila mara ili zisiungue upande mmoja, halafu akaandika jina la kila mtoto kwa krimu ya rangi aliyoichagua mtoto mwenyewe. Watoto walikaa kwenye mkeka, kila mmoja na keki yake mbele yake. Bibi aliita jina moja, watoto wote wa ua wakamwimbia huyo peke yake, akazima mshumaa wake, wakampigia makofi. Ndipo likaitwa jina la pili. Mdogo kuliko wote, aliyekuwa anatimiza miaka miwili, hakukata keki hata kidogo. Aliishika kwa mikono miwili akaing’ata pembeni, na hakuna aliyemkataza. Kuimbiwa wote wanne hakukuchukua hata muda wa wimbo mmoja wa mshereheshaji.

Keki ya kila mtoto ina faida nyingine ya kiafya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao lililoonyesha kwamba kupuliza mishumaa juu ya keki kuliongeza vimelea vya bakteria kwenye krimu kwa wastani wa asilimia 1,400. Kwa watu wenye afya hatari yake si kubwa, na sitaki kumtisha mtu. Hata hivyo, katika sherehe ya pamoja wapulizaji ni wengi, na kati ya watoto wanne huwa hakosekani mwenye mafua. Nchini Australia, mwongozo wa kitaifa wa afya kwa vituo vya kulelea watoto uliotolewa miaka kadhaa kabla ya utafiti huo ulishauri mtoto anayepuliza mshumaa apewe kijikeki chake mwenyewe. Ushauri huo hauna gharama ya kutushinda.

Kuna mtindo wa kumwagia maji mwenye siku ya kuzaliwa, na siku hizi wengine huongeza unga, mayai na hata matope. Vijana wakifanyiana hivyo kwa hiari yao ni juu yao. Kumfanyia mtoto wa miaka mitatu, ambaye hajui kwa nini watu anaowapenda wamemgeukia ghafla na ndoo, ni ukatili, na nasema hivyo bila kusita. Tulipiga marufuku mtindo huo uani kwetu, na nawaomba wazazi wengine wafanye hivyohivyo.

Zawadi nazo zinaweza kuharibu siku nzima. Mtoto mmoja ana mjomba anayefanya kazi bandarini, mwingine ana bibi aliye kijijini Kisarawe anayemletea embe mbili na moyo wake wote. Vitu hivyo vikiwekwa juu ya meza moja mbele ya watu, watoto wenyewe watavipima kwa macho, maana mtoto wa miaka sita anajua kupima. Kwa hiyo tuliwaomba ndugu wampelekee mtoto zawadi ndani kwao, siku nyingine, na siku ya sherehe kila mtoto wa ua, mwenye kusherehekea na asiyesherehekea, aliondoka na mfuko mdogo wa karatasi wenye penseli, ubuyu na kashata. Tulitumia karatasi kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na pia kwa sababu mfuko wa plastiki mikononi mwa mtoto mdogo ni hatari.

Nikitaja hatari, niseme maneno machache kuhusu mkusanyiko wa watoto wengi wadogo mahali pamoja, ambapo kila mzazi hudhani mwenzake ndiye anayeangalia. Puto lililopasuka linavutia kuwekwa mdomoni kuliko hata puto zima, na kipande chake huziba njia ya hewa kiasi kwamba kukitoa ni vigumu. Sheria za Marekani zinataka pakiti za maputo ya mpira ziandikwe onyo kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka minane. Vipande viokotwe papo hapo. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu zisiwe kwenye sahani ya mtoto mdogo kwa sababu hiyohiyo ya kukabwa. Chakula kilichopikwa kisiachwe mezani zaidi ya saa mbili, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na katika joto la Dar es Salaam mimi ningependa kiondolewe mapema zaidi. Lango lifungwe na awepo mtu mzima mmoja kwa zamu ambaye kazi yake ni kukaa hapo tu. Majiko yenye moto yawekwe upande ambao watoto hawakimbilii.

Muda tulioupanga ulikuwa saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Ndio wakati ambao watoto wamekwisha kunywa uji, hawajachoka, na jua la Agosti halijawa kali. Hatukukodi spika. Watoto walicheza ukuti ukuti, wakakimbia na ndimu kwenye kijiko, wakavuta kamba, na muziki ulitokana na ndoo na makofi. Walipoanza kusinzia, sherehe ilikuwa imekwisha, na wakubwa waliotaka kuendelea kula na kuzungumza waliendelea bila kumwamsha mtu. Wazazi wenye watoto waliozaliwa Machi hadi Mei watakuwa na tatizo la mvua za masika, na kwao ni busara kuisogeza hadi Juni badala ya kuhangaika na turubai linalovuja. Mtoto mdogo hahesabu wiki.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni lile la mzazi anayesema kwamba siku ya kuzaliwa ni ya mtoto mmoja, na kwamba kumchanganya na wengine ni kumnyang’anya kitu chake pekee. Waliolea pacha wanalijua jambo hili. Kulwa na Doto hugawana kila kitu tangu tumboni, na atakuja siku mmoja wao kudai keki ya peke yake, akiwa na haki kabisa. Ndiyo maana nimesisitiza jina la kila mtoto kuitwa peke yake. Zaidi ya hapo, tarehe yenyewe inapofika, familia ina nafasi ya kuiadhimisha ndani kwake kwa njia isiyohitaji mgeni wala gharama: kumwamsha kwa wimbo, kumpikia anachokipenda, kumwombea dua, kumsimulia siku aliyozaliwa ilivyokuwa na nani alimbeba wa kwanza. Mtoto akivuka miaka saba au minane na kuanza kuchagua rafiki zake mwenyewe, aulizwe anataka nini. Wito wangu unahusu wale wadogo.

Wapo pia majirani ambao hawaadhimishi siku za kuzaliwa kwa sababu ya imani yao. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi kabisa, na wapo Waislamu wengi wanaoona kwamba akika ya siku ya saba inatosha na mengine ni ya kuachwa. Hao wafuatwe mapema, nyumbani kwao, kwa heshima, waulizwe kama watoto wao waruhusiwe kucheza na kula bila kuimbiwa, au kama wangependa wasiwepo. Wasishtukizwe kwa kuona jina la mtoto wao kwenye keki.

Tena wapo watoto ambao tarehe yao haijulikani sawasawa, labda kwa kuwa walizaliwa nyumbani na hawakuandikishwa, au wamelelewa na bibi baada ya kufiwa na mama. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ilianza mkoani Mbeya mwaka 2013 mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo, mpango uliosambazwa baadaye katika mikoa mingine, na mzazi au mlezi ambaye bado hajampatia mtoto cheti aulizie kituo cha afya au ofisi ya kata. Wakati cheti kinafuatiliwa, mtoto wa namna hiyo anaweza kukaa kwenye mkeka na wenzake akaimbiwa bila mtu yeyote kuuliza alizaliwa lini. Sherehe ya mmoja mmoja haimpi nafasi hiyo.

Nimalizie na walimu wa shule za awali na vituo vya kulelea watoto mchana. Katika vituo vingi mzazi huruhusiwa kuleta keki na soda siku ya mwanawe, na darasa zima husimama kuimba. Wapo watoto wanaoimbiana mwaka mzima na wao hawaimbiwi hata mara moja, kwa kuwa mzazi wao hana cha kuleta au kwa kuwa tarehe yao huangukia likizo ya Desemba. Nchini Japani, shule nyingi za chekechea hufanya sherehe moja kila mwezi kwa watoto wote waliozaliwa mwezi huo, na shule yenyewe ndiyo huiandaa. Mwalimu mkuu anaweza kuanzisha utaratibu huo muhula ujao kwa tangazo moja: Ijumaa ya mwisho ya mwezi, watoto wa mwezi huo waitwe mbele kwa majina, chakula kiwe kilekile cha shule na tunda juu yake, na keki za nyumbani zibaki nyumbani. Watoto wa miezi ya likizo waunganishwe na mwezi unaotangulia.

Kuna suala moja ambalo uani kwetu hatujalipatia jibu. Wazazi wawili wamehamia nyumba ya jirani na wameomba kujiunga mwaka huu. Watoto watafika saba, na baadhi yetu wanahofia kwamba kundi likizidi hapo, kumwita na kumwimbia kila mtoto peke yake kutakuwa kurefu na wadogo watachoka kabla zamu yao haijafika. Wengine wanapendekeza tugawe mara mbili, watoto wa miaka miwili na mitatu asubuhi yao, na wakubwa wao wiki inayofuata. Nitashukuru kama wasomaji waliowahi kufanya sherehe ya pamoja yenye watoto wengi zaidi wataandika kupitia safu hii watueleze waligawaje.

Mzazi,
Tabata, Dar es Salaam